Msaragambo Nilioukwepa

Pembe ililia tukiwa tunamalizia chai kando ya njia, mimi na Devotha. Ilikuwa siku ya nne ya safari yetu ya baiskeli kutoka Usangi kwenda Lushoto. Yeye ni mwalimu wa Dodoma. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wake na fundi wake.

"Pembe ya nini hiyo?"

"Wanaita watu kwenye msaragambo. Kazi ya kijiji. Leo wanazibua mfereji."

Sikumwambia kwamba kijiji chenyewe ni chetu. Kwetu pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Mwaka wa pili huu mimi sijashika jembe pale. Mwanzoni nilikuwa natuma udhuru, nina wageni, nina safari. Mwishowe hata udhuru nikaacha kutuma.

Njia nzuri ya kushukia Kisiwani inafuata mfereji ule ule. Ningewakuta wamejipanga na majembe, nipite katikati yao na kofia yangu ya baiskeli kichwani. Nikaona heri korongoni.

"Tupite huku, ni mkato."

"Mbona kwenye ramani haipo?"

"Ramani haikuzaliwa huku, dada."

Akacheka, akanifuata.

Njia ile ni ya mbuzi na ya wakata majani. Mawe yamelegea na upande mmoja ni shimo. Nilipaswa kumwambia ashuke asukume, lakini nilitaka tupotee pale kabla mtu hajatuona kutoka juu. Nikasikia breki zikilia nyuma yangu, kisha mawe yakiporomoka.

Nilimkuta chini amelala ubavu. Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya goti na damu ilikuwa inatoka nyingi. Nikakata tyubu, nikamfunga pajani, nikakaza.

"Nathanaeli, mguu utapona?"

"Utapona," nikasema. Sikujua.

Simu haikuwa na mtandao. Gari letu la mizigo lilikuwa linasubiri Kisiwani, na peke yangu nisingeweza kumbeba kwenye mawe yale. Watu wa karibu walikuwa wale wale niliokuwa nawakimbia. Nikapanda mbio.

Mjomba wangu Fanueli, msimamizi wa kazi, ndiye aliyeniona kwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kumbe kwenu bado unakujua."

"Mgeni wangu ameanguka korongoni, amevunjika. Naomba watu wa kumbeba."

Jirani yangu Irine aliegemea jembe lake. "Leo ndiyo unataka watu! Sisi tukikutaka wewe, uko kwenye baiskeli." Wengine wakacheka.

"Anatoka damu, Irine."

Kicheko kikakatika. Fanueli akatupa jembe. "Korongoni? Nani kampeleka kule?"

Aliitazama njia ile pana aliyosimama juu yake, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza tena.

Walikata miti miwili, wakafunga kanga, ikawa machela. Wanaume wanane walimbeba wakipokezana bila kusimama. Irine alitembea ubavuni akimshika mkono, akimwita mwanangu. Nilipotaka kuingiza bega langu, mjomba aliusukuma mkono wangu kando.

"Wewe shika baiskeli zako."

Nikazisukuma zote mbili nyuma yao. Mtandao uliposhika nikampigia dereva, akaja kutupokea barabarani.

Walipomlaza kwenye kiti cha nyuma, Devotha aliniita. "Kaka, kwa nini tulipita kule?"

Ningeweza kusema tena ni mkato.

"Nilikuwa naona aibu kukutana na hawa," nikasema.

Alinitazama, midomo imekauka. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa mbele niende naye hospitali.

"Mama," akamwambia Irine, "panda wewe. Nataka twende na wewe."

Irine akapita mbele yangu, miguu ina tope hadi magotini, akakaa. Dereva akaondoa gari.