Majina Mawili kwenye Hati

Mwenye nyumba alipowatangazia wapangaji kwamba mwisho wa mwaka atabomoa ajenge maduka, wengi walimlaani kimoyomoyo wakaanza kuulizia vyumba vingine. Wanawake wawili wa mlango wa tatu walitazamana tu. Kisha yule mkubwa akasema, "Mwanangu, tumechoka kuhamishwahamishwa kama kuku wa kuuzwa. Tununue yetu."

Mkubwa huyo alikuwa mkunga mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mkunga, kwa kuwa nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Mdogo alikuwa mkwe wake, mjane wa miaka thelathini na minane, fundi wa kusaga lenzi katika duka la miwani. Watu walimwita Miwani, ingawa mwenyewe hakuwahi kuvaa. Mumewe, mtoto pekee wa Mkunga, alikufa kwa homa ya siku nne, miaka saba iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi ndugu walitegemea Miwani atafunga virago arudi kwao. Hakufunga. Aliamka siku ya pili akachemsha chai ya watu wawili, jioni akarudi na mkate, na maisha yakaendelea hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake baki, na hakuna aliyemwambia nenda.

Walikwenda benki pamoja. Afisa wa mikopo, kijana mwenye sauti ya chini, aliwaeleza kwamba Mkunga ana kiinua mgongo chake lakini umri wa kukopa umempita, na Miwani ana mshahara lakini hana cha kutanguliza. Mkunga alicheka. Mmoja ana kuni, alisema, mwenzake ana kiberiti. Wakakubaliana kiinua mgongo kiwe malipo ya kwanza na mkopo uwe wa Miwani, na kwa kuwa mkopo ni wa Miwani, hati nayo iandikwe jina lake. Ndivyo watu wengi wanavyofanya, afisa alisema.

Kaka yake Mkunga aliposikia alikuja mbio. Alimweka dada yake pembeni, akamwambia yule binti bado mbichi, kesho ataolewa, na mwanamume atakayeingia atamkuta mama wa mume aliyekufa amekaa sebuleni. "Utalala barazani kwenye nyumba uliyoinunua kwa jasho lako," alisema. Mkunga alimjibu kwamba aliyekaa miaka saba bila kuombwa hamlazi mtu barazani. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea, na kuanzia siku ile alijikuta akimtazama mkwe wake pale anapochelewa kurudi.

Walitazama nyumba sita. Ya kwanza ilikuwa na ngazi, na magoti ya Mkunga hayakuwa na urafiki na ngazi. Ya pili ilinuka ukungu. Zilizofuata zilikuwa nzuri kwa bei za watu wengine. Ya sita ilikuwa ya vyumba vitatu, jiko lenye dirisha la uani, na chumba kimoja kilichopata jua la asubuhi mpaka ukutani. Miwani alisimama katika mwanga ule. Mkunga alifungua na kufunga kila mlango, akavuta kila droo, kisha akaenda kwa jirani kuuliza maji hukatika mara ngapi kwa wiki. Aliporudi alisema hii ndiyo, lakini mabomba yakaguliwe kabla ya kutia saini. Miwani alisema anamjua fundi bomba mmoja mwaminifu.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, mtu mrefu mwenye mvi za masikioni. Alimsalimia Mkunga kwa heshima, akavua viatu mlangoni ingawa nyumba ilikuwa tupu, akaanza kazi. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akalala chali chini ya sinki. Nyuma ya ukuta wa bafu alikuta bomba linalovuja polepole, na akasema mwenye kuuza alirekebishe au apunguze bei. Alikuwa mkweli na alijua kazi yake. Lakini Mkunga hakuwa akitazama bomba. Fundi alinyoosha mkono bila kugeuka, na Miwani akamkabidhi spana aliyoitaka, bila kuambiwa ni ipi. Hawakuitana kwa jina hata mara moja, kama watu waliokwisha kuzoeana siku nyingi. Mkunga alikuwa ametumia miaka thelathini kusoma mambo ambayo wanawake hawajayasema. Hili lilikuwa rahisi kusoma.

Jumatatu, siku ya kwenda benki kutoa kiinua mgongo, Mkunga alisema goti linamuuma. Jumanne pia goti. Jumatano Miwani aliomba ruhusa kazini, akarudi mchana, akamkuta Mkunga anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa kaka yangu. Wewe chukua mkopo wako utafute nyumba ndogo, muanze maisha. Sikukatazi."

Miwani aliketi kitandani. Alikiri yote. Ni miezi minane sasa. Yule fundi alikuja dukani kutengenezewa miwani, akarudi ili ibanwe, akarudi tena ingawa haikuwa imelegea. Amemwomba amuoe, naye amemwambia asubiri mpaka nyumba ipatikane.

"Kwa nini hukuniambia?" Mkunga aliuliza. "Miaka saba tunakula sahani moja. Nimekuuguza, umeniuguza. Halafu nijulishwe na spana?"

"Niliogopa. Ukijua kabla ya nyumba, utadhani nataka fedha zako niende nazo. Ukijua baada ya nyumba, utadhani nilikuficha. Sikuona siku iliyo nzuri."

Mkunga alisema naye alikuwa na hofu yake. Alitaka kumwambia aolewe, tangu mwaka wa tatu, lakini kila alipofungua mdomo alihisi kama anamfukuza, na tena alihisi kwamba akiondoka, hakutabaki mtu anayemkumbuka mwanawe akiwa mzima. Walilia kidogo, kila mmoja upande wake wa kitanda. Sanduku lilibaki wazi.

Kesho yake Miwani alikwenda peke yake kwa wakili. Alirudi na jibu moja: benki ikiridhia, hati inaweza kubeba majina mawili hata kama mkopo ni wa mmoja, nusu kwa nusu, na hakuna atakayeweza kuuza bila saini ya mwenzake. Mkunga alikataa. Alisema hataki kumfunga mtu kamba ya karatasi. Miwani alimwambia kamba hiyo anajifunga yeye mwenyewe, na kwamba bila majina mawili hanunui hata banda. Walibishana siku mbili, mpaka Mkunga akakubali. Benki ilichukua wiki tatu kuridhia, na mwenye kuuza akatumia muda huo kuziba bomba la bafu.

Kabla ya kusaini, Mkunga alimwita fundi. Alimpa chai, akamwacha anywe nusu kikombe, ndipo akamwambia wazi kwamba jina lake halitakuwa kwenye hati, na kwamba yeye Mkunga hatahama.

Fundi aliweka kikombe chini. "Mama, mimi nimeingia nyumba za watu miaka ishirini, wananipitisha mlango wa nyuma na mfuko wangu wa vyuma. Mkinifungulia wa mbele, inatosha."

Mkunga alimuuliza kama anakoroma. Alikiri kwamba anakoroma. Mkunga akasema basi chumba chake yeye Mkunga kitakuwa cha mwisho kabisa, upande wa uani, na hapo ndipo Miwani, aliyekuwa amesimama jikoni akisikiliza, alipocheka kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi.

Kwa wakili kulikuwa na swali moja la kuchelewesha. Wakili, mwanamke mwenye kalamu mkononi, aliuliza wanunuzi hawa wana uhusiano gani.

"Mume wake alikuwa mwanangu," Mkunga alisema.

"Alikuwa?"

"Alikuwa. Amefariki."

Wakili aliwatazama kwa zamu. Alisema fomu ina nafasi ya mume na mke, ya ndugu, ya mzazi na mtoto, na ya washirika wa biashara. Miwani alimwomba aandike mzazi na mtoto. Wakili alimgeukia Mkunga aone kama atapinga. Mkunga alikuwa ameshika kalamu tayari, anauliza asaini wapi.

Walihamia Jumapili. Fundi na Miwani walioana miezi mitano baadaye, bila shamrashamra, na Mkunga ndiye aliyempeleka bibi harusi mkono kwa mkono. Lakini siku ile ya kuhamia walikuwa wawili tu, na jambo la kwanza lililowachelewesha lilikuwa picha ya marehemu. Miwani alitaka itundikwe sebuleni, pale pale mkabala na mlango. Mkunga alikataa. Alisema sebule ni ya walio hai, asije bwana wa watu akanywa chai huku anatazamwa. Aliichukua akaitundika chumbani kwake, juu ya kitanda, akapanda kitini mwenyewe na magoti yake mabovu, huku Miwani ameshikilia kiti kwa mikono miwili na kumwambia ashuke.