Ndiyo ya Chiriku

Jamani, Chiriku alifika ofisini siku ya kukaguliwa akakuta jina lake limefutwa! Lilikuwa juu kabisa ya kipande chake, kile alichokihangaikia wiki sita nzima, na sasa pale palipokuwa na jina lake limekaa jina la shemeji yake, limejitanua kama lina hatimiliki.

Ofisi yao kazi yake ni hiyo, kutengeneza vipande vya programu za benki za kwenye simu. Kipande unakitengeneza mara moja, halafu kinapachikwa kila skrini inayokihitaji. Kuna cha kuingizia namba ya siri, kuna cha kuchagua tarehe. Cha Chiriku kilikuwa kisanduku cha kuuliza, kile kinachokurukia usoni ukitaka kufanya jambo zito. Umepoteza kadi, unataka ifungwe? Kinakuuliza: "Tuzuie kadi?" Chini kuna vitufe viwili, "Zuia" na "Acha". Kila skrini inaleta kitenzi chake, kisanduku ni kilekile. Alikipenda mno, alikuwa akikisimulia hata kwenye foleni ya maji ya kunywa. Jina la Chiriku hakulipata bure.

Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho ya miezi yake mitatu ya majaribio. Benki ikikipokea kisanduku kama kazi yake, anaajiriwa. La sivyo, begi mgongoni, kwaheri.

Akamfuata shemeji, ambaye ndiye kiongozi wao kazini, mezani kwake.

"Shemeji, umekifanyaje kipande changu?"

"Hapa ofisini sina shemeji."

"Haya, Kiongozi. Umekifanyaje kipande changu?"

"Nimekinyoosha." Hata macho hakuinua. "Skrini arobaini, kila moja na maneno yake. Kile kilikuwa kipande au kitabu cha sarufi? Sasa ni sentensi moja kote. Imekwisha."

Chiriku akaifungua. *Hutaki kuendelea?* Chini yake: *Ndiyo. Hapana.*

"Mtu akibonyeza 'Ndiyo'?"

"Anaendelea. Wewe ulisomea wapi?"

"Lakini ukiniuliza 'hutaki', nami nikajibu 'ndiyo', si nimekubali kwamba sitaki?"

"Ndiyo ni ndiyo, binti. Kaa kwenye kiti chako, na mdomo ukae nao."

Simu ikatetemeka. Dada yake: *Leo usibishane na shemejio, nakuomba.* Chiriku anaishi kwao, chumba cha uani, na kila sahani anayokula pale huwa imeshahesabiwa kwa macho. Akairudisha simu mfukoni.

Saa nne akaingia mkaguzi wa benki, mwanamke mmoja mkavu wanayemwita Mama Masharti kwa sababu hajawahi kupokea kazi bila "isipokuwa". Kaja na mteja wa kweli wa kujaribia, fundi cherehani wa makamo, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.

Kiongozi akasimama, tai imenyooka. "Kisanduku hiki nimekiandika mwenyewe, toka herufi ya kwanza."

Chiriku akauma ulimi. Kwa Chiriku hiyo si kazi ndogo!

"Mama," Mama Masharti akamwambia fundi, "kadi yako imepotea. Ifunge."

Fundi akabonyeza. Kisanduku kikachomoza: *Hutaki kuendelea?*

"Nataka, ndiyo maana niko hapa," fundi akakijibu kisanduku. "Hapana." Akabonyeza *Hapana*. Kisanduku kikajifunga, kadi ikabaki wazi. Akarudia. Wazi. Mara ya tatu akakibonyeza kama anaua kunguni.

"Hii simu inanifanyia makusudi?"

"Bonyeza 'Ndiyo', mama," Kiongozi akasema.

"Niseme ndiyo sitaki, wakati nataka? Mimi na umri huu?"

"Na kosa hili liko skrini zote arobaini," Mama Masharti akasema taratibu. "Nani kaliandika swali hili?"

Kiongozi akakohoa. Halafu, bila hata aibu ya kukodi, akanyoosha kidole. "Ukweli, ni kazi ya huyu binti. Mimi nilipitia tu juu juu. Ni ndugu wa mke wangu, nilikuwa namfichia aibu."

We! Chumba kizima kikamgeukia Chiriku. Mama Masharti akavua miwani.

"Binti. Wewe hukuliandika swali hili?"

Chiriku, mwenye maneno ya kujaza gunia, akatoa moja tu.

"Ndiyo."

"Si mmesikia!" Kiongozi akaruka. "Kakiri mwenyewe! Kasema ndiyo!"

Fundi akaweka simu mezani.

"Baba, kakiri kwamba *hakuandika*. Kwani wewe unaongea na nani huko kwako?"

Kicheko kilichopasuka pale hakikuwa cha wema hata kidogo. Mpaka mhasibu aliyepita kufuata karatasi zake alishika ukuta. Kiongozi akabaki anasema "ndiyo ni ndiyo, ndiyo ni ndiyo", na kila akisema anazama zaidi.

"Kumbe swali la leo limeandikwa na mtu asiyejua ndiyo," Mama Masharti akasema. "Kuna lingine?"

Matoleo ya zamani huwa yanahifadhiwa, na tarehe na jina la aliyeandika. Chiriku akalirudisha lake. *Tuzuie kadi?* Fundi akabonyeza *Zuia*, mara moja, kadi ikafungwa.

"Hiki tunakipokea," Mama Masharti akasema, "isipokuwa jina la mwenyewe lirudi juu yake."

Saa nane mkataba ukasainiwa. Chiriku akipita na karatasi yake kifuani, shemeji akasogeza kiti kumzibia njia.

"Ofisini utakaa," akasema kwa sauti ya chini, meno yamebanana. "Kwangu usikanyage. Na dadako atajua kala na nyoka."

"Kwani sasa tuna undugu, Kiongozi?"

Akampita. Nje, kwenye ngazi, simu ikaita.

"Umefanya nini wewe?" Dada alikuwa ananong'ona. "Shemejio kanipigia anafoka, sijawahi kumsikia hivyo. Hutarudi nyumbani leo?"

Chiriku akautazama mkataba, wino bado unang'aa. Alikuwa na habari za kusimulia mpaka Ijumaa ijayo.

"Ndiyo, dada."

Dada akauliza begi la nguo amletee wapi.