Riwaya Iliyofungiwa Dengu

Kila Alhamisi alasiri, mikate ya tui ikishatoka tanuuni na mteja wa mwisho akishaondoka, Makereta hufagia unga katika chumba cha nyuma cha duka lake, hutandika mikeka miwili na kuweka katikati bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Wasomaji wa mji wetu wa Levuka huingia mmoja mmoja, viatu mlangoni, kitabu kwapani. Sheria ya kikao ni moja tu. Anayepokea kifuu cha kava hupiga kofi, hunywa, kisha huwaambia wenzake anasoma kitabu gani sasa hivi na kimemfikisha wapi. Aliyesoma kwa bidii hujaziwa kifuu hadi ukingoni, na hicho huitwa bamvua. Aliyekuja na visingizio hupewa maji mafu, yaani tone la kulowesha ulimi, na kicheko juu yake.

Bibi Losalini alifika Alhamisi ya pili baada ya mazishi yake. Alikuwa amevaa gauni jeupe tulilomzika nalo, na mkeka wake wa kaburini ameukunja begani. Aliitazama mikeka ya Makereta, akaona imechakaa, akatandika wa kwake juu yake na kuketi mahali pake pa siku zote, karibu na magunia ya unga.

"Umechelewa," Makereta alimwambia.

"Mlinizika juu mno. Kilima chenyewe kina utelezi. Mtu wa kwenu ndiye aliyechagua pale, najua."

"Tulikuweka juu ili usirudi. Kumbe miguu ya watu wa kwenu haichoki, kinachochoka kwenu ni mikono."

Kisiwa alichozaliwa Makereta na kijiji cha Bibi Losalini ni watani tangu enzi za mababu, na utani wa namna hiyo haukatizwi na kifo. Siku ya mazishi Makereta alisimama ukingoni mwa kaburi akauonya udongo kwamba utaumwa tumbo.

Mwalimu Deo, mkuu wa shule mstaafu ambaye ndiye mchota kava, alikijaza kifuu bila kuuliza kama marehemu anakunywa. Bibi Losalini alipiga kofi, akanywa, akafuta midomo.

"Na wewe, Bibi, sasa hivi unasoma nini?" Mwalimu Deo aliuliza, maana sheria ni sheria.

"Nitasomaje? Mlinizika bila miwani."

Watu waliinamisha vichwa. Lilikuwa kosa letu sote.

"Nimekuja mnisomee nyinyi," aliendelea. "Nataka kujua Konstanza amemchukua nani. Kule juu wenzangu nao wananisumbua. Nimewahadithia mpaka pale nilipofia, sasa hawalali."

Konstanza alikuwa mjane katika riwaya nene isiyo na jalada la mbele. Alikuwa na nyumba ya wageni kwenye bandari moja ya nchi ya baridi, na wanaume watatu walimtaka: nahodha, daktari wa meno, na mfuga nyuki. Bibi Losalini aliisoma polepole miezi yote ya mwisho ya uhai wake, na kila Alhamisi alituhadithia alipofika, hata kikao kikagawanyika. Makereta alimtaka nahodha. Mwalimu Deo, peke yake, alishika upande wa daktari wa meno, kwa hoja kwamba mume anayefanya kazi ndani ya nyumba hanyeshewi. Bibi Losalini na wengine wote walikuwa wa mfuga nyuki. Alifariki Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, kitabu kimemlalia kifuani, hapo Konstanza alipomaliza kuvaa na kuanza kushuka ngazi, na wanaume wote watatu wanamngoja chini.

"Kitabu kiko wapi?" aliuliza.

Makereta akajikung'uta unga mikononi, akasema, "Waisake ameviuza vitabu vyako vyote."

Nyumba ya Bibi Losalini ni ile ya mbao, ya kijani, iliyo nusu ya kilima, yenye baraza mbele na rafu za vitabu mpaka jikoni. Miaka yote alisema mbele ya bakuli la kava kwamba siku akifa nyumba ni ya wasomaji, pamoja na kila kitabu kilichomo. Hakuna aliyefikiria kuandikishana. Neno lililosemwa mbele ya kava lilitosha. Lakini Waisake, mtoto wa kaka yake, alihamia jioni ile ile ya mazishi, waombolezaji wakiwa bado wanakula magimbi ya msiba, na wiki haikuisha kabla hajaviuza vitabu vyote kwa kilo kwa Suruj, muuza dengu za kukaanga wa gatini.

Bibi Losalini alisikiliza mpaka mwisho. "Magimbi yalitosha?" aliuliza.

"Yalitosha."

"Afadhali."

Kesho yake asubuhi Mwalimu Deo aliteremka gatini. Suruj aliposikia habari alijipiga kipaji cha uso. Alikuwa amevichana vitabu vyote na kuvitia kwenye sanduku moja, na riwaya isiyo na jalada ndiyo aliyoitumia kwanza, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa ngumu na haikuvuja mafuta.

"Sehemu kubwa iko humu, Mwalimu, chukua. Lakini za mwisho zimeshakwenda na dengu."

"Yaani ulianzia mwishoni?"

"Mgongo wake ulikuwa unaachia upande huo. Mimi ni muuza dengu, nitajuaje pa kuanzia?"

Ndipo msako ulipoanza. Makereta alibandika tangazo dukani kwamba yeyote atakayerudisha karatasi ya dengu yenye jina la Konstanza atapewa mkate wa tui. Wanawake wa kiwanda cha samaki walileta nane, wamezinyoosha kwa pasi. Polisi wa zamu alileta moja aliyoikuta mfukoni mwa mlevi. Baharia wa feri alirudi na mbili kutoka upande wa pili, na za kwake zilinuka dizeli. Tatizo ni kwamba kila aliyeokota ukurasa aliusoma njiani, na akishausoma hakuweza kuondoka bila kujua uliotangulia. Waliingia chumba cha nyuma wakisema wanasubiri mkate, wakabaki.

Kikao kilifurika. Waliokosa mkeka walikaa juu ya magunia. Kifuu kilipozunguka na watu kuulizwa wanasoma nini, majibu yalikuwa hayajapata kusikika katika kikao chochote cha wasomaji.

"Nasoma ukurasa wa mizinga ya nyuki," alisema mwanamke mmoja wa kiwandani. "Nusu yake. Nusu nyingine imelowa mafuta."

"Mimi ninao ule ambamo nahodha anatukanwa na mpishi."

"Soma! Soma kwa sauti, usimung'unye!"

Walisoma, na Bibi Losalini alisikiliza amefumba macho. Walipofika penye doa la mafuta yeye ndiye aliyejazia, na mara nyingi alijazia kwa manufaa ya mfuga nyuki, jambo ambalo Makereta hakulinyamazia hata mara moja.

"Hapo hapakuandikwa hivyo! Maiti huyu anatudanganya!"

"Wewe umesoma lini, mwoka mikate? Kwenu mtu akija na kitabu mnamfungulia mlango mkidhani ameleta tofali."

Mji wote ukawa na upande. Wavuvi walikuwa wa nahodha, kama ilivyotarajiwa. Masista wa kanisani walikuwa wa mfuga nyuki. Daktari wa meno alibaki na Mwalimu Deo peke yake.

Katika siku hizo Mwalimu Deo alimpeleka Bibi Losalini kwenye ofisi inayohusika na mirathi, akaseme mwenyewe nyumba alimwachia nani. Karani alimpokea kwa heshima, akampa kiti chenye mto. Alisema anamfahamu vizuri, tena alilia mazishini. Lakini marehemu hatoi ushahidi, alieleza, na mtu akitaka kutoa ushahidi ni lazima athibitishe kwanza kwamba yu hai. Bibi Losalini alisema hilo hataliweza. Karani alisikitika kwa dhati, akamsindikiza mpaka mlangoni akimwombea njia njema.

Kurasa zilirudi zote isipokuwa mmoja. Konstanza alikuwa ameshashuka ngazi. Alikuwa amesimama mbele ya wanaume watatu, amenyoosha mkono, na sentensi ilikatika hapo. Suruj alilipekua sanduku mpaka chini. Makereta alipandisha zawadi ikawa mikate sita. Hakuna aliyejitokeza.

Alhamisi iliyofuata aliingia Waisake.

Waisake ni mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na angeweza kusema lililomleta akiwa mlangoni. Lakini mtu aliyelelewa Levuka hasemi shida yake amesimama, kwa hiyo alivua viatu, akapita ameinama katikati ya watu akiomba radhi, akaketi mkekani mkabala na shangazi yake.

"Bula, shangazi," alimsalimu.

"Bula, mwanangu. Umenenepa."

"Ni dengu."

Kumbe naye alikuwa ameanguka mtegoni. Tangu siku aliponunua pakiti ya kwanza na kusoma namna daktari wa meno alivyoteleza kwenye barafu, alikuwa akinunua dengu asubuhi na jioni, anazila peke yake barazani, anazificha karatasi chini ya godoro mpaka amezikariri, kisha anazidondosha barabarani ziokotwe na wengine. Ukurasa wa mwisho alikuwa nao mfukoni mwa shati. Aliupapasa, karatasi ikasikika.

"Sikuja kwa ubaya," alisema. "Nataka neno moja tu. Sema mbele ya hawa kwamba nyumba ni yangu, nami nitausoma ukurasa huu sasa hivi. Watu wananitazama vibaya dukani, shangazi. Hata Suruj ananipimia pungufu."

Bibi Losalini aliutazama mfuko wa shati. Alikuwa amepanda na kushuka kile kilima chenye utelezi kwa ajili ya karatasi ile, na kule juu wenzake walikuwa wanangoja. Watu wa kikao waliona jinsi alivyoupapasa mkeka wake kwa vidole. Makereta, ambaye hajawahi kumwonea huruma mtani wake hadharani, alimwinamia akanong'ona, "Mpe tu. Sisi tunapo pa kukaa."

"Nyumba niliwapa hawa," Bibi Losalini alimwambia Waisake. "Neno la kava halina mawili."

"Basi."

"Basi."

Hakuondoka mara moja, maana kifuu kilikuwa kinazunguka na zamu yake ilikuwa imefika. Mwalimu Deo alikijaza bamvua, kwa adabu ya mgeni. Waisake naye kwa adabu alipiga kofi, akanywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kifuu. Watu walimpigia makofi matatu.

"Waisake," alisema Mwalimu Deo, kwa sauti ile ile aliyomfundishia darasa la nne. "Sasa hivi unasoma nini?"

Waisake aliutazama mlango, kisha viatu vyake vilivyokuwa mbali, nyuma ya viatu vya watu wote.

"Ukurasa mmoja tu, Mwalimu."

"Umefika wapi?"

"Nimeumaliza."

"Ehe. Unasemaje?"

Kava ilikuwa imeshashuka kifuani, na hakuna mtu aliyewahi kuinywa katika chumba kile akakataa kujibu. Alitoa karatasi, akaikunjua, akasoma kwa ile sauti yake nzuri. Konstanza alinyoosha mkono, akampita nahodha, akampita mfuga nyuki, akamshika bega daktari wa meno. Akamwambia kwamba jino la nyuma linamuuma tangu majira ya baridi yaliyopita, kwamba wanaume watatu wamekula mezani pake miezi yote hiyo wakimsifu macho, na ni daktari tu aliyegundua kwamba yeye anatafuna upande mmoja. Kisha wakaingia jikoni, penye mwanga. Mwisho.

"Jino!" Makereta alipiga ukelele.

"Nilisema," alisema Mwalimu Deo, huku machozi yakimtoka. "Nilisema tangu mwanzo."

"Wewe ulisema habari za mvua!"

"Na mimi nilidhani Konstanza analia usiku kwa ajili ya mfuga nyuki," alisema Bibi Losalini. "Kumbe jino! Miezi yote ile, jino!" Alicheka akashika mbavu, akacheka mpaka unga ukapeperuka juu ya magunia. Masista walicheka. Wanawake wa kiwandani waliegemeana. Waisake, akipangusa macho, alikiri kwamba yeye alikuwa upande wa nahodha na kwamba hakulala siku mbili.

Vicheko vilipotulia mtu mmoja alimuuliza habari ya nyumba.

"Kitabu ni kitabu," alijibu Waisake. "Nyumba ni nyumba."

Mwezi uliofuata alitundika kibao barazani, cha maandishi meupe, akaanza kupokea watalii. Rafu alizing'oa akatengenezea vitanda. Hakuna aliyemfukuza kikaoni. Huja kila Alhamisi, husoma sana, na ndiye msomaji wetu mwenye sauti ya kupendeza kuliko wote. Sasa anatusomea riwaya ya mpima ardhi aliyeoa katika nyumba ya adui zake, na mji umeshagawanyika upya. Bibi Losalini yuko upande wa mama mkwe. Marehemu wengine watatu wamekuwa wakishuka naye, kila mmoja na mkeka wake, na Makereta amelazimika kuhamishia magunia ya unga uani.

Kikao kikivunjika jua likiwa linazama, Bibi Losalini na Waisake hupanda pamoja, kwa kuwa njia ya makaburini inapita mbele ya nyumba ya kijani. Hubishana juu ya mpima ardhi njia nzima, na watu wa mitaa ya chini huwasikia wakicheka. Wakifika langoni Bibi husimama. Waisake humwambia, "Lala salama, shangazi," huingia ndani, na kufunga mlango. Bibi hungoja hapo kidogo, mpaka taa ya barazani iwashwe kwa ajili ya wageni, aone pa kukanyaga, kisha huuweka mkeka wake vizuri begani na kuendelea kupanda.