Sauti ya Mulume

Vénantie alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, Kamembe, akitenga sambaza, dagaa wa Kivu: wazima kwenye beseni la kwenda Bukavu, waliovunjika kwenye sahani ya nyumbani. Moto, pikipiki ya abiria, ikasimama mbele yake. Dereva alikuwa ameitundika kofia ya abiria kwenye kiwiko, maana abiria wake hakuwa na kichwa.

“Maman, nakuletea muntu yako,” alisema. “Alikuya na basi ya Kigali. Anasema ni hapa.”

“Ni hapa,” ilisema sauti ya Mulume.

Vénantie aliitambua papo hapo. Ilikuwa sauti ya mumewe, nzito ileile, yenye mchanga kidogo chini yake, ila sasa imechoka. Haikuonekana, lakini pale iliposhukia hewa ilipata joto kidogo, kama mahali alipotoka kulala paka. Alimshukuru dereva, akaikaribisha ndani.

“Na mwenyewe?” aliuliza.

“Alibakia Liège. Nilimwacha amelala.”

“Ulikula?”

“Miye sikulake.”

Aliiwekea chai hata hivyo. Chai ikapoa, akainywa mwenyewe, akarudi kwenye sambaza zake.

Mulume alikuwa mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo. Alianzia kwaya ya kanisa, akafukuzwa alipoanza kufuga rasta. Vénantie, Mnyarwanda aliyekulia Kongo na kurudi Rwanda na wazazi wake, alimpendea rasta hizohizo, wakaoana, wakapanga nyumba Kamembe. Mulume akawa anapiga reggae kwenye baa moja ya kando ya Kivu. Aliimba habari za wanawake wa mpakani: mayai yanayovunjika kwenye foleni, mvua ya kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, afisa wa forodha anayecheka kwanza ndipo anyang'anye. Wanawake walizijua nyimbo hizo neno kwa neno na walivuka nazo daraja asubuhi.

Kisha tamasha moja la Liège, Ubelgiji, likawaalika, yeye na bendi yake. Wenzake walirudi. Yeye alibaki.

“Nitafute kwanza papiers za kukaa huku,” alimwambia Vénantie kwa simu, “kisha nikuite.”

Wakati ule Vénantie alikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa nywele zake za mbele zilikuwa nyeupe, na sokoni walikuwa wameacha kumuuliza anaondoka lini. Hawakujaliwa mtoto. Mulume alipiga simu sikukuu za Noeli, akisema dossier, faili la maombi yake, inakwenda polepole, kule mambo yote yanakwenda polepole. Alikuwa mwanamuziki mkubwa sasa. Vénantie alilijua hilo kama unavyojua kwamba mahali fulani kuna theluji. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haina picha wala muziki.

Sauti ilikaa. Mchana ilipumzika karibu na babula, jiko la makaa, na Vénantie aliporudi kutoka Bukavu miguu imevimba, ilimwimbia zile za mayai na mvua. Majirani wakawa wanakuja jioni na vigoda vyao. Hakuna aliyeuliza imewezaje kusafiri peke yake. Waliuliza kama kule kuna baridi, na sauti ikasema ndiyo, iko mingi.

Jioni moja mtu akasema, “Utuimbie basi ile ya Ulaya. Ile yenye ilikupatisha jina.”

Nyirabagenzi, jirani wa ukuta mmoja na mwenzake Vénantie wa safari za mpakani, alisema haraka kwamba ni saa ya kupika. Lakini Vénantie naye alitaka kuusikia.

“Miye sipendi kuiimba,” sauti ilisema.

“Imba tu,” alisema Vénantie.

Ikaimba. Wimbo ulikuwa wa polepole, na kiitikio chake kilikuwa jina lake. Vénantie, mto ulikuchukua na kitambaa chako chekundu. Vénantie, risasi zilitukuta majini, nikanyoosha mkono nikashika maji. Katika ubeti wa mwisho mwanamume alikuwa peke yake katika nchi ya baridi, na mkewe alikuwa chini ya Rusizi, mchanga umemjaa nyweleni.

Wimbo ulipokwisha, Vénantie aligeuza mahindi kwenye makaa ili yasiungue.

“Ni miye huyo?” aliuliza.

“Ni weye,” sauti ilisema. “Kila Samedi, siku ya concert, ninakuzamisha. Ndiyo sababu nilichoka.”

Vigoda vikaondoka kimoja kimoja. Nyirabagenzi alibaki, akitazama mikono yake.

“Mulijua,” Vénantie alimwambia.

“Tulijua wote. Hata ba motari, wale wa pikipiki, wako nayo kwenye simu. Tulisema, siku ataulizia tutamwambia. Haukuulizia, dada.”

Vénantie aliomba simu yenye picha, na Nyirabagenzi akampigia Mulume.

Mulume alitokea kwenye kioo, amenenepa, rasta zina mvi, nyuma yake kabati jeupe lisilo na kitu juu yake. Alifungua mdomo kusalimu, na salamu ikatokea karibu na babula.

“Bonjour, Vénantie,” sauti ilisema. Kule kwenye kioo midomo ilikuwa imekwisha kufunga.

Wakazungumza hivyo. Yeye alitikisa midomo Liège, na maneno yakasemwa Kamembe, bila sauti kuongeza wala kupunguza.

“Nilikufa mwaka gani?” Vénantie aliuliza.

“Mwaka wa pili. Nyimbo za mayai, kule batu balizipigia makofi ya heshima tu. Balikuwa banataka kujua niliteswa namna gani. Siku moja nilisema bibi yangu alizama, na chumba chote kikanyamaza. Sijawahi kusikilizwa vile.”

“Na kwenye dossier?”

Midomo ilisita. Sauti ikasubiri.

“Kwenye dossier pia. Ndiyo ile ilinipatisha papiers.”

“Kwa hiyo haungeniita.”

“Ningeita nani, Vénantie? Kule uko mufu. Nikikuita, mimi ni muongo, bananirudisha.”

Nyirabagenzi aliinamisha uso. Mahindi yalikuwa yameiva, akayatoa motoni, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akiyaangalia.

“Unirudishie ile sauti,” Mulume alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiiomba. “Niko na concert kubwa. Nakuomba sana.”

Vénantie aliligeukia babula. “We mwenyewe unataka kurudi?”

Kwenye kioo midomo ya Mulume ilikuwa imefungwa kabisa.

“Hapana,” sauti ilisema.

Mulume alisikia. Akageuka kuangalia nyuma yake, kabatini, kama mtu aliyeitwa. Kisha picha ikakatika.

Concert ilifanyika. Nyirabagenzi aliiona kwenye simu na kumwonyesha Vénantie: walipiga ile rekodi ya studio, Mulume akafungua na kufunga mdomo mbele ya watu wengi, na walipofika kwenye kitambaa chekundu wanawake wa mstari wa mbele walilia kama kawaida. Jambo lile halikumdhuru Mulume. Baadaye alitunukiwa tuzo.

Vénantie alijaribu mara moja kuurekebisha wimbo. “Pale mwisho,” aliiambia sauti, “sema nilivuka. Kila siku ninavuka.” Sauti ilijaribu kwa moyo wote, lakini ilipofika pale ilikwaruza na kukatika, na siku nzima haikuweza hata kusalimia. Hakuomba tena.

Ndipo akaja Mzee Munyemana, mwenye kuongoza kwaya ya kanisa la pale Kamembe. Alisema amekosa sauti ya besi tangu mwaka jana na amesikia iko moja hapa. Vénantie akakubali, kwa sharti kwamba naye aingie, kwa kuwa hakutaka kubaki na nyumba tupu Jumapili. Kwaya ikaupenda ule wimbo wa mto kwa mazishi. Walijaribu kuuwekea jina la kila marehemu, lakini Donatien lilibaki na silabi mkononi na Aimable lilivuta noti vibaya. Mwishowe waliacha Vénantie, na watu wakazoea. Kijijini Gitambi walizikwa wazee wawili kwa jina hilo. Vénantie aliimba sauti ya pili. Muziki ulihitaji sauti ya pili pale, na yeye ndiye aliyeyajua maneno.

Huko Gikundamvura, kwenye maziko ya mkulima mmoja, bibi mmoja mwenye kanga ya kijani alimfuata baada ya wimbo. Alikuwa amelia, macho yake mekundu.

“Huyu Vénantie munayeimba,” aliuliza, “alikuwa nani yako?”

“Ni miye, Maman.”

Bibi yule alimtazama tangu viatu hadi kitambaa cha kichwa.

“Pole sana, mutoto wangu,” alisema. “Na bwana yako? Alikulilia?”

“Ananililia kila Samedi,” Vénantie alisema. “Batu banalipa kuingia.”

Bibi alitikisa kichwa. Akamshika mkono, wakasimama hivyo wawili, wakiwatazama wanaume wakijaza udongo kaburini.