Mpaka Maji Yaive

Samaki wa marehemu mke wangu aliishi kwenye beseni la bluu, lile la kufulia, lenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa. Alikuwa samaki wa rangi ya chungwa, mnene kama kiganja changu, na alizunguka beseni asubuhi hadi jioni bila kufika popote. Mke wangu alimwita Msafiri. Watu walipomuuliza sababu, alisema, "Nina wasafiri wawili. Huyu angalau namwona."

Maneno hayo nililetewa na watu, maana mimi nilikuwa barabarani. Nimekuwa utingo wa lori, mchimba visima, fundi wa pampu za mashamba, mpishi wa kambi. Sijawahi kukaa mahali mpaka kalenda ya ukutani ikaisha kurasa.

Mama yake alipofariki, binti yetu alimchukua Msafiri na beseni lake akawaweka kwenye chumba cha mbele anachoshonea nguo. Mimi nikapewa kitanda chumba cha nyuma. Siku moja ufa ukaachia. Binti alirudi kutoka kupeleka magauni akakuta sakafu imelowa na Msafiri amelala ubavu kwenye maji yasiyofika hata kifundo cha kidole. Akaziba kwa gundi, akajaza maji, samaki akainuka. Ndipo binti akakaa chini karibu na beseni akalia. Hakulia vile hata makaburini.

"Baba," alisema, "huyu tu ndiye niliyebaki naye wa mama. Beseni hili litamuua. Wewe ni fundi wa maji, nisaidie."

"Kazi ya siku moja hiyo," nikasema.

Akanunua tangi kubwa la kioo, tukalikalisha juu ya meza ya chuma kando ya cherehani. Kisha tukaenda kwa Mama Samaki kutafuta chujio. Mama Samaki ana duka la samaki wa mapambo, mikono imelowa saa zote, mdomo mkali kama mkasi mpya. Mimi macho yakaniangukia moja kwa moja kwenye chujio moja kama pipa dogo, la kukaa chini ya meza, lenye mipira miwili minene na mota inayonguruma.

"Hilo," nikasema. "Hilo lina nguvu."

"Kwani mzee unamwagilia mahindi?" akauliza. "Umeme kwenu unakatika?"

"Unakatika mpaka tumezoea," binti akajibu.

"Basi ukikatika, maji yanalala ndani ya pipa hilo, yanakosa hewa, yanaoza. Ukirudi, samaki anatapikiwa uozo wote usoni." Akainua sponji nyeusi, nene kama mkate, yenye bomba katikati. "Chukueni hii. Pampu ndogo inapuliza hewa, mapovu yanapanda, yanavuta maji yapite kwenye sponji. Wekeni mbili, maana samaki wa aina hiyo anakula na kunya kama ng'ombe. Na pampu yake ina betri."

Nikaigeuza ile sponji mkononi. Haina nati, haina gia, haina hata kitu cha kukaza. Nikahisi kama nimepewa mwanasesere.

"Inachuja uchafu tu?"

"Uchafu ni kazi ndogo. Humo kwenye vitundu watakaa wadudu wadogo, huwaoni. Kinyesi na mkojo wa samaki vinatoa sumu. Kuna wadudu wanaoila hiyo sumu, lakini wanaigeuza kuwa sumu nyingine. Wanakuja wengine wanaila hiyo ya pili, na kinachobaki unakipunguza kwa kubadili maji kidogo kidogo. Tangi jipya halina hata mdudu mmoja. Mtie samaki leo, atakufa kwa mkojo wake mwenyewe."

"Nipimie hao wadudu basi, tulipe twende."

"Wanakuja wenyewe. Tia chembe za chakula zioze, ndiyo karamu yao. Wiki kadhaa. Maji yenu mabichi, mzee. Mpaka yaive."

"Wiki?"

"Una haraka ya kwenda wapi na mvi hizo?"

Binti alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Kipara, dereva wa lori la mbao niliyewahi kufanya naye kazi, alikuwa amenipigia simu kwamba anajiandaa kupita njia yetu kuelekea mpakani na ng'ambo yake, na anatafuta mwenzake wa safari. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, zipu imefungwa.

Tukatia maji, tukatia chembe, mapovu yakaanza kupanda. Mama Samaki alitupatia chupa ya dawa ya kupimia: unadondosha kwenye maji kidogo, yakiwa njano ni salama, yakiwa kijani ni sumu. Nikawa napima asubuhi, nikapima mchana, nikapima binti akiwa amegeuka. Nikanyanyua meza upande mmoja kuweka kibao. Nikahamisha mawe. Nikarudisha mawe.

"Baba, yaache."

"Nayaangalia tu."

"Unayaangalia kwa mikono?"

Nikazunguka chumba mpaka wateja wake wakaniuliza kama nimepoteza kitu. Kijani ilipanda, ikakolea, halafu siku moja nikaona kama imepungua. Lakini maji yenyewe yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na sponji zimeota utelezi wa kahawia. Kipara akapiga simu tena: anapita wiki hiyo. Binti alikuwa ametoka kununua nyuzi. Nikajiambia, mzee, maji haya yamechafuka, wewe ndiye fundi, malizia kazi uende zako.

Nikamwaga maji yote. Nikazipeleka sponji bombani, nikazifikicha, nikazikamua kama suruali za jinzi, mpaka zikarudi nyeusi kama zilivyotoka dukani. Nikajaza tangi maji ya bomba. Binti aliporudi alisimama mlangoni.

"Mbona linang'aa hivi?"

"Kazi ya fundi," nikasema, na kwa kweli nilijisikia vizuri.

Nilipopima tena baada ya chembe mpya kuoza, ilikuwa kijani. Siku iliyofuata, kijani zaidi. Nikabeba kichupa mpaka kwa Mama Samaki.

"Umefanya nini?"

"Nimelisafisha."

"Umelisafisha." Akaweka wavu chini taratibu. "Na maji ya bomba?"

"Ndiyo maji safi tuliyo nayo."

"Mzee, yale yametiwa dawa ya kuua wadudu. Ndiyo maana wewe unayanywa huugui. Umewafukuza wapangaji wote, umepaka nyumba rangi, sasa unashangaa mbona hakuna mtu."

Kwa binti sikusema kitu. Lori lilikuwa linakuja kesho yake.

Kipara alifika saa ya jua kali, akapiga honi mpaka mbwa wakajibu. Binti alikuwa nyumba ya jirani akimpima mteja. Begi lilikuwa begani. Nikatazama beseni: gundi ilikuwa imeanza kubanduka, tone moja moja likidondoka sakafuni. Nikatazama tangi: safi, mapovu yanapanda, zuri la kupigwa picha. Nani angejua? Nikamchota Msafiri kwa bakuli. Alikuwa mzito, akapiga mkia mara moja akatulia, mdomo unafunga na kufungua. Nikamshika juu ya maji ya tangi.

Kichupa cha kupimia kilikuwa palepale mezani, nilikiacha asubuhi. Kijani ya chupa ya soda.

Honi ikalia tena. Nikaona jinsi itakavyokuwa: mimi nikiwa nimeshavuka daraja kubwa, miguu juu ya dashibodi, na huku binti anamwona samaki wa mama yake akihema juujuu ya maji, asijue kwa nini. Angesema ni uzee tu. Nani angemwambia?

Nikamrudisha kwenye beseni, nikaenda nje.

"Panda basi!" Kipara akaita. "Au umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na nani, wewe kichaa?"

"Na samaki."

Alinitazama, akatazama begi, akacheka mpaka akakohoa. "Nikirudi nitakuta umetaga," akasema, akatia gia. Nilisimama pale mpaka vumbi likakaa chini. Miguu ilikuwa inaniwasha kama nimekanyaga upupu.

Binti aliporudi nilimweleza yote, sponji, bomba, bakuli. Akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo tunaanza upya."

"Tunaanza upya."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Basi mikono yako uiweke mfukoni, baba. Nakuomba."

Mama Samaki alinipa sponji kuukuu kutoka tangi lake la siku nyingi, ndani ya mfuko wenye maji yake. Nikaikamulia kwenye tangi letu. Ikatoka supu ya kahawia, ikatanda kote. Iliniuma moyo. "Hao ndio wapangaji," alikuwa ameniambia. "Usiwaguse." Binti akanunua beseni jingine la kumsitiri Msafiri, akawa anambadilishia maji yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa ikaisha nguvu.

Mimi kila mkono uliponiwasha nilitoka. Nikapita sokoni, nikapita stesheni, nikakunja kona penye duka la mbao, nikarudi. Nikifika, nikatazama tangi, nikatoka tena. Majirani wakadhani nagombea udiwani.

Maji yalitulia, yakawa angavu bila mtu kuyagusa. Kijani ikafifia. Ile sumu ya pili, tuliyoipima kwa dawa yake nyingine, ikapanda, ikakaa kwa ukaidi, nayo ikashuka. Mama Samaki akaja mwenyewe, akapima, akapima tena, akamwambia binti, "Mtie."

Binti ndiye aliyemtia. Msafiri akazama, akasimama kidogo, halafu akaanza kuzunguka pale katikati, mduara mdogo, upana wa beseni lile lile. Kioo kipo mbali kila upande, yeye anazunguka.

"Hajui kama ni kubwa," binti akasema. Alikuwa anacheka na kujipangusa uso kwa kitambaa cha mteja.

"Atajua."

Tukamtazama muda mrefu. Kipara alikuwa amenipigia asubuhi ile, yuko njiani kurudi, kiti kipo wazi.

"Zile sponji zinaoshwa lini?" binti akauliza.

"Zikiziba. Kwa maji ya tangi, siyo ya bomba."

"Nani ataosha?"

Nilitafuta viatu, nikavikuta chini ya kitanda, kando ya begi, nikavivaa.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

"Atakula saa kumi," akasema, macho kwenye kioo.

Nikapita sokoni, nikapita stesheni, nikasimama kidogo kutazama reli. Kisha nikakunja kona penye duka la mbao, nikashika njia ya nyumbani. Saa kumi ilikuwa inakaribia.