Mwanangu Amepiga Simu

Kaka alisimama katikati ya sebule, daftari la mama mkononi, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Jumanne. Mwanangu amepiga simu. Ameniuliza kama nimekula." Machozi yakamtoka. Wageni wa msiba wakaanza kulia upya, na shangazi akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe.

Daftari lile nililianzisha mimi. Mama alipoanza kusahau jiko likiwaka, daktari alisema kuandika kidogo kila siku kutamsaidia kushika mambo. Alisema, akaniachia kazi. Nilikuwa nimeshahamishia cherehani yangu nyumbani kwa mama, nashona nguo za watu chumbani, sikio moja liko jikoni. Nilijua mtu hapati mazoea kwa kuhubiriwa. Kwa hiyo nilifunga kalamu kwenye mguu wa meza kwa uzi wa jinzi, nikaweka daftari pale pale panapokaa kikombe chake cha asubuhi. Akitaka chai, ataliona daftari kwanza.

"Mimi si karani wako," aliniambia siku za mwanzo.

"Mstari mmoja tu, mama. Halafu chai."

Aligoma. Alinuna. Siku nyingine aliandika tarehe peke yake na kulisukuma daftari kule. Alipoumwa nilimpelekea kitandani, maana nilijua nikimwachia leo, kesho tunaanza moja. Mwishowe akawa anaandika kabla hata sijamimina chai, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo, na mimi nikajiona fundi kweli kweli.

Hakunificha alichoandika, daftari lilibaki wazi nikikusanya vyombo. Aliandika mvua. Aliandika paka wa jirani. Aliandika kaka kila alipopiga simu, neno kwa neno, mpaka alivyocheka. Mimi niliyemwogesha, nikamkata kucha, nikamfungia vifungo vya gauni, sikuwemo. Nilirudi nyuma kurasa kwa kurasa nikijitafuta. Iliniuma, tena sana.

Siku moja nikajikaza. "Mama, mbona mimi huniandiki?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si naandika nisisahau? Wewe nitakusahauje, na upo hapa hapa?"

Kuna watu wangeliona neno hilo tamu. Mimi nilirudi kwenye cherehani, nikashona zipu ya watu kinyume.

Mkono wake ulipoanza kutetemeka, ikawa yeye anasema, mimi naandika. Wakati huo kaka alikuwa amekaa msimu mzima wa mvua bila kupiga, na mimi mama alikuwa ananiita "dada", kama unavyomwita mtu anayekuuzia sukari. Daktari hakukosea. Alichokiandika mama, alikishika.

"Dada, andika: mwanangu amepiga simu. Ameniuliza kama nimekula."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kujichomeka, mstari mmoja tu, na asingejua. Lakini alikuwa ameukazia macho mkono wangu, anasubiri, na chai yake inapoa. Nikaandika kama alivyosema, nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kesho yake tukaandika hivyo hivyo.

Kurasa hizo za mwisho ndizo kaka alizosoma mbele za watu. Hakuona kwamba mwandiko umebadilika, wala hakukumbuka kwamba hakupiga. Alilia machozi ya kweli, hayo simnyimi.

Shangazi alinifuata jikoni. "Mshukuru Mungu una kaka, mwanangu. Angalau mama yako hakuwa peke yake."

"Ndiyo, shangazi," nikasema, nikaendelea kusuuza vikombe.

Asubuhi iliyofuata, wageni wakiwa bado wamelala, nilijimiminia chai nikakaa kwenye kiti cha mama. Sikuwa nimepanga kuandika. Mkono ndio ulioshika kalamu na kufungua ukurasa mweupe, kwa kuwa ndiyo saa yake. Safari hii hapakuwa na mtu wa kunitajia la kuandika. Niliandika "mimi", kisha nikakaa nalitazama neno hilo mpaka chai ikapoa, nikitafuta la kuliongezea. Nililikata. Nikaandika kwamba kaka amelala vizuri.