Rasimu ya Mama Hadubini

Chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu kilikuwa na meza ndefu, soketi mbili zinazofanya kazi, na feni inayozunguka siku ikijisikia. Humo ndimo kikundi cha wanawake kilikutana kila Jumamosi asubuhi, kila mmoja na kompyuta yake, kuwatafutia wanawake wenzao nafasi katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea na kusomwa na dunia nzima. Wazo lilikuwa la mkutubi mwenyewe. Siku moja alifungua ukurasa wa historia ya chuo chao akakuta wanaume watupu, kuanzia juu hadi chini. Hata mtunza bustani wa kwanza alikuwemo, na picha ya reki yake. Mwanamke hakuwemo hata wa dawa.

Alikuwa na sababu ya karibu zaidi, na hakuificha. Mama yake mzazi ndiye mwanamke wa kwanza kufundisha elimu ya mimea chuoni pale. Wanafunzi walimpachika jina la Mama Hadubini, kwa kuwa hakuna aliyetoka darasani kwake bila kuinamia hadubini na kuchora kwa mkono wake alichokiona. Kisha akaolewa na mwalimu mwenzake, na kanuni za siku zile zilisema mwanamke akishaolewa hana ajira ya kudumu. Akajiuzulu, akafunga ndoa, akarudi kwenye darasa lile lile na wanafunzi wale wale, ila kwenye karatasi za ofisi sasa alikuwa msaidizi wa maabara. Akafundisha hivyo mpaka anastaafu. Mumewe, mtu mwema, Mungu amrehemu, akawa profesa, na kwenye kamusi elezo ana ukurasa mrefu wenye picha. Mkewe alikuwa hana hata mstari.

Sasa mama alikuwa kitandani, na daktari hakuzunguka mbuyu. Moyo umechoka, alisema, mkae naye vizuri. Kuanzia siku hiyo mkutubi alitaka kitu kimoja tu: ukurasa wa mama yake upite, mama asomewe angali anasikia.

Kuandika mwenyewe hakuruhusiwa. Kamusi elezo hairuhusu mtu kumwandika ndugu yake, na kwa haki kabisa, maana mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kwa hiyo rasimu aliichukua Bi Nukta, mama wa makamo aliyekuwa msahihishaji wa gazeti kabla ya kustaafu, na ambaye hakuwahi kusamehe sentensi iliyokosa nukta. Aliiandika vizuri mno. Akaituma kwa wakaguzi. Jibu likarudi: hakuna chochote kilichochapishwa, na mtu asiye ndugu, kinachoonyesha kwamba mwanamke huyu alifundisha.

"Kilichochapishwa!" Bi Nukta alifoka. "Waliomzuia asiandikwe ndio hao hao tukawaombe maandishi yao?"

"Usimgombeze mkaguzi, shoga yangu," mkutubi alisema. "Anafuata sheria."

"Najua anafuata sheria. Ndiyo maana nimekasirika."

Jioni mkutubi alimkuta mama yake ameegemea mito miwili, redio inanong'ona pembeni.

"Haya, mwanangu. Nimefaulu?"

"Bado wanasahihisha, Mama."

"Wanasahihisha polepole hivyo? Mimi darasa zima nililimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Na watoto walikuwa wanachora kama wameshikilia jembe."

Mkutubi akacheka, kisha akaitoa rasimu kwenye mkoba. Alikuwa anatembea nayo kila siku, imekunjwa mara nne. "Nikusomee tu kidogo? Bi Nukta kaandika vizuri sana."

Mama akainua kiganja, kile kiganja kilichonyamazisha vijana wa miaka mingi. "Imepita?"

"Bado."

"Basi usinisomee. Kazi ambayo haijasahihishwa siipokei, hata ikiwa yangu. Ikishapita, uje uisome yote, kwa sauti, na usiharakishe." Akafumba macho, akatabasamu. "Nataka nisikie mtu mwingine akisema kwamba nilikuwa mwalimu. Wewe unajua, baba yako alijua. Ninyi ni wangu, hamhesabiwi."

Mkutubi aliikunja rasimu, akaenda jikoni, akalia huku maji yakichemka.

Njia ikapatikana kwa Bi Nukta. Alipiga simu kwenye gazeti lake la zamani, akamshika mwandishi mmoja kijana, akamwambia kuna mwalimu wa kwanza wa kike ambaye hajawahi kuhojiwa. Makala moja tu gazetini ingetosha. Mwandishi akakubali, akapanga siku. Siku hiyo mama aliamka kabla ya wote. Akataka koti lake jeupe la maabara, lililokuwa limegeuka manjano kwenye kola, akalivaa juu ya gauni la kulalia. Akataka hadubini yake ya zamani iletwe mezani, na lenzi zifutwe.

"Asije akadhani nilikuwa nafagia," alisema.

Mwandishi hakuja. Kulikuwa na mkutano wa mawaziri, akatumwa huko. Akaomba radhi, akapanga tena wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata mama alivaa koti lile lile akakaa kitini mpaka alasiri, shingo imeinuka kila gari lilipopita. Safari hii mwandishi alikuwa na homa. Naye ni binadamu. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na huyu aliyekuwa akingoja hakubakiwa na nguvu za kungojea.

"Nivue," alisema hatimaye, na binti akamvua koti kama anavyovuliwa mtoto. "Mwambie aje kesho. Kesho nitakuwepo."

Kesho yake alfajiri alikuwa hayupo.

Nyumba ikajaa watu, viti vikaazimwa, sufuria kubwa zikatoka kwa majirani. Mjomba, mdogo wake marehemu, alikaa sebuleni na simu sikioni akitangaza msiba kila upande. Ilipofika habari ya tanzia ya gazetini, kalamu akapewa mkutubi. Wewe ndiye msomi, wakasema, wewe ndiye wa makaratasi. Akaandika. Akaanza na jina, na mstari wa pili, bila kufikiri mara mbili, akaandika kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha elimu ya mimea chuo kikuu. Kisha ndugu.

Mjomba akaisoma kwa kidole. "Mashemeji zake wako wapi hapa?"

"Nimeandika 'na ndugu wengine', Mjomba."

"Ndugu wengine! Mwanangu, unataka tusizikane? Wale wakijikosa gazetini, makaburini hawatii mguu. Waweke kwa majina. Na shangazi zako wote, aliye hai na aliyetangulia."

Akawaweka. Akapiga simu gazetini kuwasomea, na binti wa upande wa pili akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Pole sana, dada. Ila kisanduku kimejaa. Ukitaka hao wote waingie, lazima kitu kitoke."

Mkutubi akaitazama karatasi. Sebuleni mtu alikuwa anaita sukari, mtoto analia, Mjomba amemsimamia begani. Kutoa shangazi hakuwezekani. Kutoa shemeji ni kuanzisha vita. Macho yake yakapanda mpaka mstari wa pili. Akajiambia kwamba gazeti la leo kesho ni la kufungia vitunguu. Habari ya kazi ya mama itakaa kwenye kamusi elezo, huko haifutiki.

"Toa mstari wa pili," alisema.

Basi tanzia ikatoka bila doa: mke wa marehemu profesa fulani, mama wa fulani, bibi wa fulani, dada wa, wifi wa, shemeji wa. Mjomba aliikata kwa mkasi akaiweka mfukoni, ameridhika. Makaburini walikuja watu wazima wenye mvi, madaktari, mabwana shamba, walimu, wakilia na kusema "mwalimu wetu" mbele ya kila mtu. Lakini maneno ya makaburini hayachapishwi.

Bi Nukta hakukata tamaa. Alimbana yule mwandishi: kama hukumhoji mzima, mwandike basi amekufa. Kijana alikuwa anaona haya, akaenda kwa mhariri wake kweli. Mhariri alifanya anachofanya mhariri yeyote makini, akaitafuta tanzia aone marehemu alikuwa nani. Akasoma mke, mama, bibi, dada. Akauliza, habari iko wapi hapa? Mama wa watu kafariki, tumwombee. Akaendelea na kazi zake.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, mkutubi alirudi kwenye chumba cha chini cha maktaba. Wenzake walimkumbatia mmoja mmoja, wakamwekea chai. Bi Nukta alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, na hakuwa anaandika.

"Nilituma rasimu tena," alisema. "Nilidhani msiba utakuwa umeacha chochote. Soma mwenyewe, mimi siwezi kukusomea."

Mkaguzi alikuwa ameandika kwa adabu, kama kawaida yao. Anatoa pole. Kimepatikana chanzo kimoja kipya kilichochapishwa, lakini chanzo hicho hakisemi popote kwamba marehemu aliwahi kufundisha.

"Na hii," Bi Nukta akafungua ukurasa mwingine. Ulikuwa ukurasa wa profesa, baba yake mkutubi. Chini kabisa, baada ya tuzo na vitabu, mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza sentensi moja: mjane wake alifariki mwaka huu, akiacha watoto, wajukuu na mashemeji. Mwisho wa sentensi kulikuwa na kinamba kidogo cha kuonyesha chanzo. Mkutubi alikibonyeza, ingawa alishajua kitampeleka wapi. Kikampeleka kwenye tanzia.

"Niifute?" Bi Nukta aliuliza. "Wewe huruhusiwi kuigusa, ila mimi ninaweza. Sema tu."

"Kuna uongo?"

"Hakuna."

"Basi iache. Wameandika nilichowaandikia." "Nilimtoa mwenyewe, Bi Nukta. Nilitafuta miaka yote nani alimfuta mama yangu, na nikamfuta kwa simu, mchana kweupe, nikamwambia yule binti asante."

Bi Nukta alimshika mkono, akaufunga ule ukurasa.

Nyumbani kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, mito miwili imerudishwa mahali pake. Koti jeupe lilining'inia mlangoni. Mkutubi akaketi kwenye kile kiti cha kumngojea mwandishi, akaitoa rasimu kwenye mkoba, akaikunjua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Akasafisha koo. Akafika kwenye neno la kwanza, akakiona kile kiganja kimeinuka, akasikia swali.

"Hapana, Mama," alisema. "Haijapita."

Akaikunja tena.